Mbili Ndefu, Moja Fupi

Manowari *Adelaide*, nje ya pwani ya Karolina Kaskazini
3 Agosti 1864

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila macho yanawashwa na majivu. Goti lako vipi?

Usishtuke na jina hapo juu. Ndiyo ile meli ya Bwana Lathrop, iliyokuwa ikiwakwepa wanamaji wa serikali ya Kaskazini waliozingira pwani hii ya Kusini, ili ipeleke pamba ng'ambo na kurudi na bunduki. Walipoinasa meli nilikuwa tanurini, nikichochea moto wa injini kama mtumwa wake. Wakaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kuchochea tanuri hilohilo, ila kwa upande wao. Sasa ina mizinga sita, na jina hawakulifuta. Namfukuza Bwana kwa meli yake mwenyewe.

Umesikia lolote la mdogo wangu Keziah?

Mwanao,
Isom

Kisiwa cha Roanoke
19 Agosti

Mwanangu Isom,

Marahaba. Goti linauma lakini linanibeba, na hapa, kambini kwetu tuliotoroka utumwa, hakuna wa kunipigisha magoti. Anayeandika ni mwalimu wetu, Bibi Prudence. Nimemtaja Lathrop kwa jina linalomfaa, akakataa kuliandika.

Huyo Adelaide, binti yake, nilimnyonyesha mimi, huku Keziah wangu akinyweshwa uji mwepesi. Siku niliyotoroka walikuwa wamemfungia Keziah chumbani kwa Adelaide, nikaondoka bila yeye. Mpaka leo silali. Sasa mtu aliyetoroka juzi anasema Lathrop atawahamishia watumwa wote bara mwisho wa Septemba. Wakifika huko, hatumwoni tena.

Lathrop anaingoja meli yake ya pili, pacha wa hiyo yako. Kila moja ikirudi salama hupiga honi mlangoni mwa mto wake, mbili ndefu, moja fupi, ambayo wewe huko tanurini huenda hukuisikia kwa kelele, na mashua hutoka kuilaki. Keziah ndiye hubeba kikapu cha chakula cha nahodha. Mwambie nahodha wako apige honi hiyo.

Mama yako

2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Afya njema, moyo ndio mbaya. Nahodha amecheka. Anasema manowari haiendi kuchukua msichana wa jikoni. Nilipomwuliza tena, akaninyima ruhusa ya kushuka pwani mwezi mzima. Nitamwuliza mara ya tatu, ila nipe la kumwambia, maana yangu yameisha.

Mwanao

11 Septemba

Isom,

Marahaba. Mimi sijambo, nina hasira tu. Nani kamwambia amfuate msichana? Amfuate Lathrop. Huja mwenyewe kwenye mashua hiyo, maana hamwamini mtu, na mkobani ana barua za meli zote zinazongojwa mtoni. Nahodha achukue mkoba, kikapu aniachie mimi.

Bibi Prudence anauliza kama si dhambi kudanganya kwa honi. Nimemwambia aandike tu.

Mama yako

29 Septemba

Mama,

Shikamoo, na ukae kitako kwanza.

Nahodha alisoma barua yako mara mbili. Jumanne asubuhi kulikuwa na ukungu, akaniita kutoka tanurini, akanipa kamba ya honi nivute mwenyewe. Mbili ndefu, moja fupi. Kimya. Nilishaanza kudhani wamehama. Kisha tukasikia makasia.

Lathrop alisimama upande wa mbele wa mashua akipunga kofia. "Karibuni nyumbani, wanangu," akasema. Alipoiona mizinga, mkono wake ulikuwa umeshashika ngazi yetu. Keziah alikaa nyuma na kikapu mapajani. Mizinga hakuitazama, alinitazama mimi.

"Umechelewa," akasema.

Mkate wa mahindi wa kikapuni tuliula sisi wawili. Nahodha hatukumwonjesha, ana mkoba wake.

Lathrop yuko chini, amefungwa. Kila nikipita ananiuliza ni nani aliyetoa siri ya honi yake. Nimjibu nini? Keziah anakuja kwako na meli ya barua.

Mwanao

12 Oktoba

Isom mwanangu,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa, vumilia.

Keziah kafika. Nilikimbia hadi gatini na goti halikuuma. Sasa hivi amelala, mchana kweupe, na hakuna wa kumwamsha.

Mwambie Lathrop ni yule aliyemnyonyesha binti yake. Mwambie nimemchukua wangu. Kisha geuza karatasi. Lile jina alilolikataa Bibi Prudence nimeliandika huko kwa mkono wangu. Msomee.

Mama yenu,
Tamar