Mlingoti Nilioulaza Nyuma

Jumanne usiku, Mbita

Fundi wa tanga kutoka hapa hadi Migori ni mmoja tu, mimi. Hata upepo huniuliza njia.

Leo nililaza mlingoti wa mashua yetu ya katamarani nyuma zaidi, iende mbio kwenye mashindano ya Jumamosi. Dada Achieng, nahodha wetu, akaona. "Omera, ndugu yangu, umezidisha! Tanga litashuka, na puli za kamba yake, ya juu na ya chini, zitagusana. Rudisha."

"Acha uoga, nahodha!"

Huko ziwani kwenye mazoezi ziligusana kweli. Kamba ikakataa kuvutika, tanga likalegea, tukabebwa hadi kwenye mawe. Achieng amevunjika kidole. Jumamosi haendi.

Anawaambia watu ni upepo. Nami nageuka tu kitandani, mara huku mara...

Kabla hatujatoka aliniuliza kama nimerudisha mlingoti. Nilisema ndiyo, na sikuwa nimeugusa.