Pointi za Kozi, Mpiga Mishale wa Kibokoni

Mpendwa ndugu yangu Twalib,

Leo mama amenituma chumbani mwako nitoe godoro likaanikwe juani. Nikaketi juu yake mpaka akaniita mara ya pili. Nilikuwa nikikusikia ukibishana nami habari za yule mpiga mishale wako.

Unakumbuka ofisi ya ami hapa Kibokoni, ile ya kutoa mizigo bandarini? Mimi nilikuwa mpiga chapa wake, na kompyuta yake ndiyo ya kwanza mtaani kufungiwa modemu ya kuingilia mtandao. Ami akishakwenda kuswali adhuhuri na kupumzika nyumbani, wewe huingia, ukavuta kiti taratibu kwa sababu ya miguu, ukafungua mchezo wako. Haukuwa na picha hata moja. Yalikuwa maandishi matupu ya Kiingereza: msitu, mto, daraja, na watu wa nchi za mbali wenye majina ya kubuni, wakiwindana. Wewe ulijiita Kozi.

Ulinieleza kwa subira. Kila Kozi akipanda cheo hupewa pointi, nawe huchagua pa kuziweka: shabaha, umbali, kasi ya kufyatua, deraya ya kujikinga, uhai. Wapenda upinde wengi walijaza kasi.

"Kasi yafaa kwa majoka ya kompyuta," ulisema. "Joka husimama likapigwa. Mtu hukimbia, hurudi, hukuzunguka. Na laini yetu yasuasua. Nikiamuru mishale mitano, hufika mmoja. Basi huo mmoja na uue."

Zote ukazitia katika shabaha na umbali.

"Na uhai?" nikakuuliza. "Mbona hukuupa kitu?"

Ukacheka. "Dada, mpiga mishale akishafikiwa amekwisha. Uhai wa ziada ni kurefushiwa kipigo tu."

Nilijua huuzungumzii mchezo. Ugonjwa wa sikoseli ulizaliwa nao, na mimi ndiye niliyekushika mikono mifupa ilipokuuma hata ukatafuna shuka usimwamshe mama. Nikakugombeza. Ukaniambia nitazame kioo, adui yuwaja.

Alikuwa yule Mswidi mwenye upanga, mchezaji aliyekuwa akikushinda tangu ulipoanza kucheza. Siku hiyo ulimngojea ng'ambo ya daraja. Mshale wa kwanza ukapita kando. Wa pili ukampata begani, naye akazidi kuja.

"Kimbia!" nilikwambia.

"Nikimbie na miguu ya nani?" ukajibu, ukafyatua wa tatu.

Laini ikaganda. Tulikodolea macho herufi zilizosimama, wewe umenibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua unazo. Kisha maandishi yakaja: Mswidi ameanguka. Ulipiga meza, ukapiga kelele, hata hatukumwona ami mlangoni.

"Kuna nini humu?"

"Nimemuua Mswidi, ami!"

"Astaghfirullahi," akasema, akageuka kwenda kuagiza kahawa.

Sikukuona tena ukiwa na furaha kama ile.

Kipupwe kilipoingia maumivu yalikurudia, safari hii na kifuani. Binamu zetu walitoa damu, mama akahamia hospitali na msala wake wa kuswalia. Ukipata nafuu ya kusema, ulikuwa ukinisemesha habari za Kozi. Kumuua yule Mswidi kulikuwa kumempandisha cheo, na pointi zake ulikuwa hujazigusa bado.

"Niziweke wapi, dada?"

"Kwenye uhai," nikasema. "Nakuomba, Twalib. Mara hii tu."

Sijui kama ulikubali au ulichoka kubisha. "Haya. Niwekee wewe." Ukaninong'oneza neno la siri la mchezo. Muuguzi akatutoa nje, na tulipoitwa ndani tena, walikuwa wameshakufunika.

Watu huniambia nivute subira. Naivuta, lakini sioni inakonipeleka. Mama hapiki tena mkate wa sinia. Asema hakuna wa kumwambia sukari imezidi. Nikisikia watu barazani wakizungumza mambo watakayofanya mwaka wa elfu mbili ukiingia, huingia ndani nikafunga mlango. Sina la kufanya mimi.

Juzi, ami alipokwenda kuswali, niliufungua mchezo wako. Pointi zilikuwapo, zikingoja. Nikaziweka zote kwenye uhai, moja baada ya nyingine, kama ulivyoniruhusu. Tarakimu ikapanda. Nikabaki nimeitazama, mikono mapajani.

Mara yule Mswidi akatokea darajani. Hakunishambulia. Aliandika kwamba amekutafuta sana, akataka kujua ulikuwa wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha barua za ofisi kwamba mimi si wewe, mimi ni dada yako, na kwamba umekufa.

Katika mchezo ule, mtu akifa hungoja kidogo, kisha huinuka langoni pa mji na upinde wake mkononi. Yeye hakujua kufa kwingine.

"Pole," akaandika. "Nani kamuua? Mwambie namngoja hapa hapa darajani. Atarudi lini?"

Nikazima kompyuta.

Lala, ndugu yangu, pasipo na maumivu.

Ni mimi dadako, uliyeniacha na mama.