Baba, Magugu Yale Uliyatupa Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoomba dirisha lifunguliwe usikie maji yakiingia kwenye matangi. Uliyasikiliza kidogo, kisha ukatutoka.

Matangi yako bado yapo nyuma ya nyumba, yote kumi na moja, pamoja na yale mabafu mawili makuukuu uliyoyaokota walipobomoa hoteli. Mayungiyungi yanachanua. Lile jeupe lililokusumbua kwa wadudu limepona kabisa. Wateja bado wanatuuliza habari za yule mzee aliyevua viatu kabla hata hajakaribishwa, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Mtu akikuita umpandie bwawa la bustani, wewe ulikuwa unaingia majini kwanza, maneno baadaye. Ulipima kina kwa mguu, ukauliza jua linafika pale saa ngapi. Mwenye nyumba akitaka mayungiyungi kumi ulimpa matatu, ukamwambia, "Maji nayo yanataka kupumua, mama."

Ulitufundisha kazi bila kutupigia kelele. Kikapu kitandikwe gunia, kijazwe udongo mzito wa mfinyanzi, juu ziwekwe kokoto ili samaki wasichimbue. Kisizamishwe mpaka chini siku ya kwanza. Kikae juu ya matofali, na majani yakirefuka uondoe tofali moja moja. Hatukumbuki kofi lako hata moja. Mvua ikijaza ua, ulitubeba mgongoni kwa zamu mpaka barabarani ili viatu vya shule visilowe, halafu ukarudi ndani umetapakaa tope, unacheka peke yako.

Na ulikuwa na sharti moja. Mmea wowote uliotoka nje ulikaa kwenye tangi la peke yake wiki tatu, pale karibu na mlango, ukikaguliwa kila siku. "Sitaki balaa la mtu mwingine humu ndani," ulisema. Ukisema hivyo, sote tulijua unamsema mdogo wako.

Baba Mdogo ndiye aliyesafiri kukutafutia mimea kwa wakuzaji wa mbali na kwa watu waliokuwa wakipunguza ya kwao. Kisha, miaka kumi na minane iliyopita, magugu maji yakafunika bwawa la mji. Mitambo ya maji ikaziba, mabomba yakakauka, wavuvi wakashindwa kupitisha mitumbwi yao. Watu walikuja hapa nyumbani wakiwa wamefura. Ulisimama barazani ukawaambia, "Mimea ya nje analeta mdogo wangu. Muulizeni yeye." Yeye alikutazama tu. Kesho yake akaondoka na begi moja.

Nasi tukakufuata. Tuliitoa picha yake ukutani. Harusi zetu hakualikwa. Alipokuja kumzika Bibi, mama yake mzazi, alisimama nje ya geti na hakuna aliyempelekea kiti. Mimi ninayeandika haya, binti yako wa kwanza, nilimpita kama ninapita nguzo ya umeme.

Miezi mitatu baada ya kukuzika alikuja mwalimu mmoja mstaafu, amerejea mjini baada ya miaka mingi, anataka mayungiyungi ya bwawa lake la zamani. Tukawa tunazunguka naye kwenye matangi, Mama akiosha mizizi pembeni.

"Ila msiniletee yale yanayoelea, yenye maua ya zambarau," mwalimu akasema. "Baba yenu aliniletea machache, mwezi haukuisha yakajaa bwawa zima. Nikamwita, akaja na toroli, akayazoa, akayamwaga mtaroni nyuma ya nyumba."

"Huyo atakuwa Baba Mdogo, mwalimu," nikasema.

"Mdogo wake simjui hata kwa sura. Baba yenu siku hiyo alikuwa analalamika kwamba huyo mdogo wake yuko safarini, amemwachia kazi zote. Mvua ilikuwa inanyesha, mtaro umejaa. Nikamuuliza, haya hayatafika bwawa la mji? Akasema yatafia njiani. Wiki ileile mimi nikahamia kwa binti yangu."

Mama aliacha mikono yake ndani ya beseni. Mwalimu alipoaga, hakuinuka kumsindikiza. Baadaye akasema, "Siku hiyo naikumbuka. Alirudi amelowa mpaka magotini, akagoma kula." Akajifuta mikono, akatafuta viatu vyake. "Nipelekeni kwa shemeji yangu."

Tulimkuta mji wa tatu kutoka hapa, anatengeneza baiskeli, analala kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana yake. Ana mvi, Baba. Amefanana na wewe mpaka Mama akalazimika kushika mlango. Nilimwamkia, akaitikia kama vile tuliachana juzi. Tukamwambia alichosema mwalimu.

"Kaka aliniomba wiki moja," akasema. "Aliniambia, kaa mbali kidogo watu wapoe, nitawaeleza mwenyewe."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii?" nikamuuliza.

"Mimi sikuwa na mke wala mtoto. Nyinyi mlikuwa watatu, mko shuleni. Ingejulikana ni yeye, nani angemwita tena nyumbani kwake?" Aligeuza gurudumu alilokuwa analirekebisha. "Watu wa mji nilijua wataamini. Sikujua kwamba na nyinyi mtaamini."

 

Ulikuwa na miezi minne kitandani, Baba, akili yako nzima. Kila asubuhi ulituita. Ulituambia yungiyungi la njano ligawanywe mizizi kabla ya joto. Ulituambia tangi la saba linavuja kwenye kona. Ulikumbuka mpaka kikapu alichoazima jirani. Tulikuwa tunakaa ukingoni mwa kitanda chako tukisubiri maneno yako, na kila siku ulituachia maneno ya mimea. Tunajiuliza kama ulisahau. Mama anasema hukusahau, maana siku mbili kabla hujaondoka ulimuuliza kama mdogo wako yu hai, na alipojibu kwamba hajui, ukageukia ukutani.

Tulikwenda kwenye mkutano wa wakazi tukayasema haya yote mbele ya watu. Baadhi ya wateja wametuacha na hatuwalaumu. Mmoja wa wavuvi wa wakati ule, mzee sasa, alisimama akaomba apelekwe kwa Baba Mdogo amwombe radhi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemrushia jiwe. La jiwe hatukuwa tukilijua. Sasa Baba Mdogo huja kila Jumamosi, anakaa na Mama barazani. Kwenye matangi hajataka kufika, wala hatumlazimishi.

Tunakupenda na umetuumiza. Tulimnyima mtu mwema nyumba yake kwa ajili yako, tukiamini tunakulinda.

Wanaokukumbuka ni mke wako, aliyekuuguza. Binti yako wa kwanza. Binti yako wa pili na mumewe. Na wajukuu wako wanne. Mwanao kitinda mimba amekataa kuandikwa hapa mwaka huu. Anasema ni mapema mno kwake. Tumemwachia nafasi.

Anakukumbuka pia mdogo wako. Tulimsomea maneno haya kabla ya kuyatoa, tukamuuliza kama tufute lolote. Alisema tusifute, ila tuongeze jambo moja: kwamba ni wewe uliyemfundisha kuogelea, ukimshika tumbo kwa kiganja, na kila alipokuuliza kama bado umemshika, ulijibu, "Nimekushika."

Tutakukumbuka siku zote, Baba, kwa yote.