Leso ya Mama Mkwe

Marahaba, mjukuu wangu Rukia. Salamu zako zimefika hapa Shella. Sisi tu wazima. Babu yako goti lamsumbua, lakini msikitini haachi kwenda.

Waniuliza ufanyeje, kazi yakungoja na mtoto hataki chupa. Ataitaka. Mamako alimshinda kwa ukaidi. Nilipotaka kurudi kazini kushona, nilikamua maziwa nikayatia chupani, nikamfunika mtoto leso yangu ili asikie harufu yangu atulie, kama tulivyofundishwa. Akaisukuma chupa na kulitafuta titi ndani ya leso, huku akilia.

Mama mkwe wangu akasema, "Mwanangu, wamwonyesha pilau halafu wampa uji?" Akanitoa nje. Akampakata kwa leso yake mwenyewe, iliyonuka moshi na samaki, akamgusisha chupa midomoni bila kumlazimisha. Nikasikia kimya. Nilipochungulia dirishani, mamako alikuwa akinywa, macho kamkodolea nyanyake.

Basi mpe mumeo mtoto, chupa na kikoi chake, nawe utoke. Huko nje utalia. Hata mimi nililia. Lakini usirudi ndani mpaka mtoto amalize.

Ni mimi nyanyako, wa dirishani.