Minong'ono ya Mtu wa Mashine

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Shemeji hajambo? Na ule mgongo ulioniandikia kwamba unakuuma ukiinama kufua, umepata nafuu au bado unajifanya kijana? Watoto wanasoma, au ndiyo kazi yao kukumalizia sukari? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, mnakula mkashiba, mnalala mkaamka.

Ukitaka kujua ya huku, mwili wangu mzima. Kikohozi cha vumbi la unga kipo, lakini hicho ni cha kazi, sikihesabu kuwa ugonjwa. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, mpaka mwisho wa mwezi ndiyo tutamwona. Umeme umekatika tangu asubuhi, mashine imelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Ila roho yangu, Dada, si nzima. Naogopa. Nakwambia wazi kwa kuwa wewe ndiye uliyenibeba mgongoni, unajua nilivyo. Kesho naenda kuungama kwa mara ya kwanza maishani, mimi jitu zima lenye mvi.

Unakumbuka tulibatizwa wachanga wote wawili, kisha Baba akagombana na watu wa kanisani na ikawa ndiyo basi. Wewe ulikuja kuungama ulipotaka kufunga ndoa. Mimi ndoa yangu niliifungia serikalini, nikabaki hivyo hivyo, si wa ndani si wa nje. Aliyenirudisha ni mama mkwe. Alisema kabla hajafumba macho anataka kuniona napokea komunyo, naye awe pale pale akinitazama. Amenifundisha sala mwenyewe, jioni kwa jioni, akinisemea kwenye sikio la kulia, lile linalosikia kidogo. La kushoto lilishaliwa na mashine zamani.

Sijawahi kukueleza sawasawa hali yake. Tangu apigwe na kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Namgeuza, namwogesha, namlisha, nambadilishia shuka, nakimbilia kazini, narudi adhuhuri, naanza tena upya. Akinitaka anagonga kitanda kwa fimbo, maana akiita simsikii, lakini ule mtikisiko naupata hata nikiwa jikoni. Fimbo hiyo siku hizi naisikia hata isipogongwa. Na wala si mama mkwe wa visa, wale wa kusimuliwa kisimani. Hajawahi kunisema vibaya hata siku moja.

Sasa nikupe lile lenyewe, nisizunguke mbuyu. Naomba afe.

Usidhani ni wazo la kupita tu. Naomba kabisa, kama watu wanavyoomba mvua. Mungu, mchukue nipumzike. Naomba nikimfulia, naomba nikimimina mahindi kwenye mashine. Kisha naingia chumbani kwake, ananishika kwa ule mkono wake mzima ananiambia, "Pole mwanangu, umechoka," nami najiona mchawi.

Hiyo ndiyo dhambi ninayotakiwa kuipeleka kwa Padre. Zile nyingine ni ndogo ndogo, ulimi na hasira na kumkaripia mteja anayeleta mahindi mabichi. Hii ndiyo inayonitia tumbo joto.

Darasa letu ni la watu wazima. Katekista, mwalimu mstaafu mwenye subira ya punda, alituambia tufanye mazoezi nyumbani ili tusije tukababaika mbele ya Padre. Tuseme maneno yote kuanzia "Nibariki Padre" mpaka sala ya kutubu, na dhambi zetu katikati, kwa kunong'ona. Mimi ni mtiifu, unanijua. Kila nikirudi adhuhuri, nikishamaliza kumlisha Mama, nilikuwa naingia stoo, nafunga mlango, napiga magoti kwenye magunia matupu na kunong'ona. Wiki mbili nzima. Nikawa nimeiva, hata kigugumizi kilinitoka.

Jumapili iliyopita baada ya misa tukafanya majaribio kanisani. Katekista akaketi kwenye kiti cha kitubio mahali pa Padre, sisi tukapanga foleni kwenye mabenchi, kila mtu aende na dhambi ya kubuni. Yangu ilikuwa nimeiba kuku wa jirani. Nikapiga magoti, nikanong'ona. Dada, naapa nilinong'ona! Nikatoka nimejaa furaha. Lo! Mabenchi yote yamenigeukia. Mzee mmoja kashika mbavu, na yule mama muuza mboga ananiuliza kama kuku mwenyewe alikuwa jogoo au mtetea. Katekista akachungulia nje, mkono sikioni, akauliza, "Mama, huo kwako ndiyo mnong'ono?"

Sasa ningejuaje? Sisi watu wa mashine hatuna sauti ya chini. Mteja akitaka unga laini unampigia kelele, akitaka wa chenga unampigia kelele, na ukiwa na siri ya kumwambia mwenzako unapunguza kelele kidogo. Ni miaka na miaka, Dada. Mimi sauti yangu naipima kwa koo, siisikii. Koo likitulia, basi nimenong'ona.

Nilicheka pamoja nao, nifanyeje. Lakini moyoni nilishaanza kutetemeka, kwa sababu kesho parokia wataleta kiti cha magurudumu wamchukue Mama naye akaungame, na wagonjwa huwekwa mbele kabisa, kando ya kiti cha kitubio. Atakuwa pale, umbali wa kunyoosha mkono. Katekista akanishauri niandike kwenye karatasi. Wapi! Macho ya Padre wetu yamekwisha, angenirudishia nimsomee, na tungekuwa pale pale.

Nikashika njia ya nyumbani nikiwaza hayo. Nilipofika kwa fundi viatu, pale kona, nikasimama ghafla. Stoo!

Dada, kati ya stoo na kitanda cha Mama kuna ubao mwembamba tu. Ubao! Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakwambia pole. Nikakaa kwenye kigoda cha fundi, naye maskini akaanza kunivua kiatu, akidhani nimekuja kushonewa soli.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Namtazama usoni nione kama alisikia. Hajabadilika. Bado ananiita mwanangu, bado ananiuliza kama nimekula. Nikajipa moyo kwamba labda alikuwa amelala saa zile, wazee hulala mchana. Nikajidanganya hivyo Jumatatu na Jumanne.

Jumatano nikawa naondoa bakuli la uji, limejaa kama nilivyolileta. "Nimeshiba, mwanangu." Na jana yake ilikuwa hivyo hivyo. Na wiki ile nyingine pia. Muuguzi wa zahanati alipopita kumtazama nilimwambia ni uzee, hamu ya kula imempungua, naye akaandika dawa ya vitamini. Sasa nikasimama na bakuli mkononi nikirudisha fikra nyuma, siku baada ya siku, alianza lini kukataa chakula. Alianza na mazoezi yangu.

Hapo ndipo nilipojua woga ni kitu gani. Kumbe nilikuwa naogopa aibu tu, kucheka kwa watu na kununa kwa mume wangu. Huu sasa ulikuwa mwingine. Nikajiuliza, mama huyu ananitimizia ombi langu? Mtu niliyemwambia afe, anakufa taratibu ili asinisumbue? Usingizi ulikimbia. Kazini nikaacha mkanda ukatoka kwenye gurudumu, na bosi akaniuliza kama nina malaria.

Leo asubuhi umeme ulipokatika nikasema ni Mungu huyu, nikarudi nyumbani. Nikapika uji mwepesi, nikautia maziwa. Nikaketi kitandani, nikapeleka kijiko. Akafumba mdomo, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa ule upande mmoja. Nikashindwa. Nikaweka bakuli chini nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unanisikia kule stoo?"

Akanivuta nimpe sikio la kulia. "Mwanangu, hata magunia yalikusikia."

Dada, nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakaja kwa mafungu bila mpangilio, naye ananipigapiga mkononi ninyamaze. Kisha akanivuta tena.

"Nimekusikia tangu siku ya kwanza. Kila ulipomaliza, mimi nilikuwa naitikia amina."

Akaendelea polepole, maana ulimi wake mzito. Akasema yeye amechoka kulala na mimi nimechoka kumwinua, na kwamba hajaniona mbaya. Aliona aibu kuomba peke yake, akahisi ni kama kumkosea Mungu adabu, lakini aliposikia na mimi naomba lile lile akapata mwenzake. Anasema haya kwa upole kabisa, kama tunapanga kwenda sokoni.

Nikalia. Nililia kwa sauti yangu hiyo hiyo, mpaka jirani yetu mshonaji akaja mbio na utepe wake shingoni kuuliza nani amekufa. Nikamjibu kwa ukali, "Hajafa mtu, na hafi mtu humu!" Maskini akarudi kinyumenyume. Nitamwomba msamaha baadaye.

Maana ndiyo hivyo, Dada. Sitaki tena. Pale pale alipotamka ile amina, nikajua sitaki. Namtaka hivyo hivyo alivyo, na shuka zake, na fimbo yake. Nilitaka kupumzika, na usingizi wa kutosha, na mtu wa kunipokea mzigo hata siku moja. Nikaupa uchovu wangu jina lake yeye. Nimemwambia yote hayo, kwa kupiga kelele nadhani. Akanisikiliza, akafungua mdomo. Lakini najua alifungua kwa kunihurumia. Akameza vijiko viwili vitatu, kingine kikatoka pembeni mwa mdomo, akageukia ukutani. Nimemshika mguu ni wa baridi. Muuguzi nimemwita, amesema atapita jioni, nami sasa nitamweleza ukweli wote kuhusu uji.

Habari ya kuungama imebadilika kabisa. Kesho nitapiga magoti niseme kwa sauti niliyo nayo, na atakayesikia asikie. Niliyekuwa namficha ndiye aliyesikia wa kwanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Muuza mboga akitaka kuniuliza jambo, na aulize.

Ninaloliogopa ni lingine, na ndilo lililonifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri sikukuu. Jumapili ile ya majaribio Padre alihubiri kwamba wawili wakipatana hapa duniani katika jambo lolote watakaloomba, watapewa. Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga, mjinga mimi. Dada, mimi na Mama tulipatana. Mimi stoo, yeye kitandani, mmoja akiomba na mwingine akiitikia. Tungepatana vipi zaidi ya hapo? Najua Padre kesho ataniondolea dhambi. Lakini ombi je? Ombi lililokwisha kupaa, kuna mtu wa kulirudisha? Hilo katekista hakutufundisha, na nimeogopa kumuuliza nisije nikajibiwa.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukishaisoma barua hii, mwite shemeji, mpige magoti pamoja hata kama ana haraka ya kwenda kazini, mwombe kinyume chetu. Mpatane ninyi wawili dhidi yetu sisi wawili. Najua barua huchukua siku nyingi njiani, na utakapoifungua huenda jambo limeshakuwa. Ombeni tu hivyo hivyo, Mungu hafuati kalenda yetu.

Msalimie shemeji sana, umwambie namtegemea. Wabusu watoto, na yule wa mwisho umwambie shangazi… la, mimi ni mama yake mdogo, ona hata akili imenihama. Msalimie na shangazi yetu mkiwasiliana, umwambie nimerudi kanisani ila asianze kutangaza. Mama mkwe anakusalimu. Nimemuuliza niandike nini kutoka kwake, akafikiri kidogo, akasema niandike kwamba bado yupo.

Mungu awafunike, awape afya, na mzigo wenu aufanye mwepesi kuliko nguvu zenu. Nijibu upesi, hata mistari michache.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na anayekungoja.