Jiwe la Bibi

Jumatatu, 2 Juni

Kioo kimepasuka! Kile cha pembeni bandani, juu ya meza ya Bibi. Mvua ya jana yote imepitia hapo, tone kwa tone, mpaka udongo wa chungu chake umekuwa uji.

Bibi ndiye dungusi letu kuu, mmea wa nchi kavu. Ukimwona hutamdhania: mkubwa kama ngumi, rangi ya majivu, sufi kidogo utosini. Lakini aina yake ni adimu hata bustani kuu ya mimea hawana. Mwaka mzuri anaongezeka kiasi cha unene wa ukucha. Mwaka mbaya hasogei kabisa. Leo nimemgusa kiunoni – laini. Laini! Dungusi likilegea hapo ni kama mtu anayekohoa damu.

Shangazi hayupo. Yuko kwa binti yake anayejifungua, na mkunga mstaafu akishaitwa kwenye uzazi humrudishi kwa habari za mmea. Amri yake naijua tangu utotoni: Bibi hatolewi chunguni. Na yeyote. Kwa lolote.

Fundi viatu wa chini kapita, kanikuta nimejishika kichwa. "Vipi Binti Miba, umefiwa na jiwe lako?" Ndivyo anavyomwita Bibi. Sikucheka.

Jumanne, 3 Juni

Uozo unapanda. Simu ya Shangazi haipatikani. Nikingoja idhini nitazika.

Njia ni moja: kumkata kichwa palipo pazima na kumbebesha juu ya dungusi la uzio, lile refu linaloota hovyo hata jalalani. Ndivyo tunavyookoa miche. Mwenye mizizi anabeba, asiye nayo anabebwa. Pete ya mishipa ya ndani ya huyu iguse pete ya yule, unafunga kwa mpira, unamwachia Mungu. Nimefanya mara nyingi kwa vimche vidogo kama dengu. Kwa Bibi hakuna aliyewahi.

Na Bibi si mmea tu kwangu. Ni pacha wangu. Siku niliyozaliwa Shangazi ndiye aliyenipokea, kisha akarudi nyumbani, akanawa mikono, akapanda mbegu moja. Mbegu hiyo ndiyo Bibi. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwangu tulipimwa sote wawili, mimi kwenye fremu ya mlango, yeye kwa uzi. Mwezi uliopita nilimsimulia hayo mtu wa bustani kuu alipotutembelea. Macho yalimwaka!

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu anakuja kuchukua miche yangu. Watoto wa Bibi, niliowapanda mwenyewe kwa mbegu nilipomaliza shule, leo ndio kwanza wana ukubwa wa kifungo cha shati. Watawekwa bustanini, watakuwa mama wa wengine. Sharti lake ni moja: ukoo mzima uwe wa mbegu. Mama akiwa amechimbuliwa porini, hachukui hata mtoto mmoja. Alisema akikubali mmoja tu, atakuwa amewapa wachimbaji sururu mkononi. Nikamwambia, hilo kwetu halipo, bwana. Nilisema hivyo, kwa kifua mbele.

Jumatano, 4 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Nimesafisha wembe kwa spiriti. Nimemtoa Bibi chunguni. Udongo ukaporomoka wenyewe. Chini yake – mzizi.

Huo si mzizi wa chunguni! Mnene kama mkono wa mtoto, umepinda, una magamba kama gome la mti mkongwe. Na umekumbatia jiwe. Jiwe jeupe la chokaa, kubwa kama yai. Mzizi umelizunguka mpaka umelichimba mfereji.

Nilikaa sakafuni.

Sisi hatutumii jiwe jeupe. Changarawe yetu ni nyeusi, naichekecha mwenyewe. Na mmea wa mwendo huu hauwezi kulikumbatia jiwe namna hiyo kwa miaka ishirini na saba. Huyu alikutana na jiwe lake angali mchanga, ardhini, kabla yangu, kabla ya Shangazi. Ubavuni kuna kovu la zamani, limenyooka. Chuma ndicho kinachoacha kovu la hivyo.

Pacha wangu ana umri wa bibi yake bibi yangu. Na hakupandwa na mtu.

Nimemkata. Ndiyo, pale pale, machozi yakinitoka, kwa kuwa uozo haungoji mtu amalize kushangaa. Nimepata nyama safi, pete inaonekana. Nimembebesha na kumfunga. Upande mmoja wa kiuno ulikuwa bado mzima, nikauacha na mzizi wake, nikapaka unga wa mkaa, nikauweka stoo juu ya gazeti. Na jiwe lake. Kwa nini sikuutupa? Sijui.

Alhamisi, 5 Juni

Shangazi kapatikana. Mjukuu ni wa kike, ana sauti ya dalali wa mnada. Nikampa hongera. Kisha nikamwambia: kioo kilipasuka, Bibi akaoza, nimemkata kichwa.

Nilitegemea aulize kama yu hai. Au anitukane, matusi yake nayajua. Akasema polepole, "Na lile jiwe umeliweka wapi?"

Sikuwa nimetaja jiwe! Sikuwa nimelitaja!

Nikajibu lipo. Akasema mtandao mbovu, tutaongea akirudi. Mtandao ulikuwa safi kama maji.

Jumapili, 8 Juni

Sina hamu ya kula. Kazini jana nimempa mteja bomba la kuogea badala ya bomba la sinki. Akaniuliza, dada, unataka nioshe vyombo nimesimama chini yake?

Nimeziangalia alama za kwenye fremu ya mlango. Zangu zinapanda. Uzi wa Bibi una mafundo, yote yamekaribiana kama shanga. Tulikuwa tunapima nini?

Kichwa cha Bibi kimekunjamana. Hajulikani anaelekea wapi.

Jumapili, 22 Juni

Shangazi karudi. Hakuvua hata viatu, kaenda moja kwa moja bandani. Kamchungulia Bibi juu ya mbebaji wake, kagusa mpira kwa ncha ya kidole. "Umefunga vizuri. Kitovu kimekauka."

Nikamwuliza. Hakuzunguka mbuyu. Siku niliyozaliwa alizalisha wawili: mama yangu, na mke wa mvunja mawe. Mvunja mawe hakuwa na cha kushukuru nacho. Jioni akaja na ndoo, ndani yake Bibi, kamng'oa machimboni pamoja na jiwe lake.

"Mkono wangu haukuchimba," kasema.

"Wala haukupanda, Shangazi."

Kaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akasema nilipokuwa na miaka minne nililia wiki nzima kwamba watoto wa jirani ni pacha na mimi niko peke yangu. Akanipa pacha. "Uongo wenyewe ulikuwa saizi ya mtoto. Nikadhani utakubana, utauvua kama gauni. Kumbe umekua nao."

Nikapandisha sauti. Mimi! Kwa Shangazi! Nikasema basi ungemwambia mtu wa bustani, kwa nini umemdanganya mtu mzima na akili zake?

Akanitazama hadi nikasikia haya. "Mimi? Mimi siku ile nilikuwa namimina chai. Aliyekuwa anasimulia ni nani?"

Ni mimi. Kwa mdomo huu huu.

Nikimweleza ukweli, miche yangu inabaki hapa, na hiyo haijawahi kuona pori hata kwenye picha. Kosa lake ni mama. Nikinyamaza, itasafiri na uongo wangu kwenye kibao cha jina, na watoto wake, na wa watoto wake. Nikamwomba Shangazi aniambie la kufanya. Akasema, "Nimetunza siri za wanawake miaka mingi, kwa hiyo mimi kunyamaza naweza. Lakini sikuambii unyamaze. Wala sikuambii useme."

Si bora angenitukana!

Jumatano, 25 Juni

Imeshika! Nimefungua mipira huku nimefumba jicho moja. Bibi hakuanguka. Katikati ya sufi kuna doa la kijani kibichi. Kwa mguu wa kuazima anakimbia kuliko alivyokimbia kwa wake!

Fundi viatu kaja kuangalia. "Sasa hilo jiwe limepanda ngazi." Shangazi kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi pia, kidogo. Kisha tukaangaliana, tukaacha.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nimesimama, stoo. Mtu wa bustani yuko sebuleni na Shangazi.

Miche ameipitia mmoja mmoja kwa lenzi, hana neno ila sifa. Kisha kamwona Bibi juu ya mbebaji. Akaruka! Kwa hiyo mlimtoa chunguni? Mzizi mlioukata uko wapi? Kasema mzizi wa aina hii uliolelewa chunguni tangu mbegu hajawahi kuuona, na angefurahi sana auone. Hakushuku chochote. Laiti angeshuku! Uso wake ulikuwa kama wa mtoto anayesubiri zawadi.

Chai ya Shangazi ilimwagika kwenye kisahani. Akasema, "Aliyeukata ndiye anayejua ulipo."

Nikasema, ngoja niangalie.

Upo. Nimefunua gazeti – Mungu wangu! Kwenye ukingo wa kile kiuno, vichwa vitatu vya kijani, vidogo kama punje za uwele. Bila udongo. Bila tone la maji. Nimeguna kwa sauti, sijui kama wamesikia.

Mzizi umesinyaa kwa ukavu. Jiwe linacheza. Nikilisukuma kwa dole gumba linatoka, na kovu la chuma nalichonga kwa wembe, na ninabaki na mzizi mzee tu. Nani atajua? Lakini tawi la mzizi lililolizunguka jiwe ndilo linalopanda mpaka kwenye vile vichwa. Jiwe likitoka, tawi linavunjika.

Dole gumba langu liko hapo hapo. Mkono wa pili unaandika.

Nawasikia. Mgeni anauliza kama anisaidie kutafuta. Shangazi anamwambia, "Kaa, baba. Mambo haya hayavutwi, yanangojwa." Mgeni anacheka. Anasema yeye mwenyewe alizaliwa kwa kuvutwa, mama.

Sasa Shangazi ananiita. Si kwa jina langu. "Pacha! Umeuona?"

Nimeuona, Shangazi. Natafuta sinia. Si hili, hili dogo, jiwe halitaenea.