Macho ya Afande Omara

Bwera, Jumapili alasiri

Kwa Papa Stanislas,

Nakusalimu kwa heshima yote, wewe na Mama. Natumaini barua hii inakukuta kikohozi kimepungua, na Mama anaamka bila maumivu ya magoti. Je, mvua imefika Butembo? Ndugu yangu Hardy amepata kazi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekata kabla ya kumaliza.

Nilikwambia nimepata kibarua kwa Afande Omara, yule mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshini, anayekaa Kasese. Nyati mmoja alikuwa ametoka mbugani na kushinda kwenye mashamba ya mihogo huku chini. Alishamvunja mama mmoja mbavu, ndipo Omara akapewa kibali cha kumwinda. Alitafuta mtu wa kubeba na kutunza darubini zake mbili, ya mkono na ile ya juu ya bunduki. Nikajitokeza, nikasema mimi ni binti wa mwindaji, nimekua nikifuta vioo. Alicheka, akasema tutaona. Aliniambia pia kwamba atakayeharibu kioo atarudi kwao siku hiyo hiyo.

Papa, siku mbili za kwanza ungenisifu. Vumbi la huku ni laini kama unga, linaingia kila mahali. Kila tulipopumzika nilipuliza kwanza kwa kipira cha kupulizia hewa, nikapitisha brashi, ndipo nikafuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, bila kukandamiza. Omara alitazama, akasema hajawahi kuona majani kwa uwazi namna ile.

Siku ya tatu mvua ilitukuta porini alasiri, hakuna pa kujificha. Darubini zote mbili zililowa. Tulipofika kwenye kibanda cha shambani tulikolala, nilizikausha, nikazifunga kwenye mkoba wa darubini. Asubuhi tulifuata nyayo mbichi mpaka kwenye majani marefu ya mabingobingo karibu na njia inayopanda Kyarumba. Omara alichukua darubini ya mkono, akatazama sana. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kioo iko safi?"

"Iko safi, afande."

Kulikuwa na kitu cheusi kimeinama ndani ya majani. Akainua bunduki. Sauti tuliyoisikia baada ya mlio haikuwa ya nyati.

Alikuwa Swalik, mwenye pikipiki, anayeshusha maharage kutoka Kyarumba mpaka sokoni Kasese. Alikuwa amevaa koti jeusi la mvua, ameingia kukata majani ya kufungia gunia lililopasuka. Risasi ilimpata begani. Tulimfunga kwa kitenge changu, na Omara akambeba mgongoni mpaka barabarani, njia nzima akimwomba asifumbe macho. Yu hai. Yuko hospitali ya hapa Bwera, lakini vidole vya mkono wa kulia bado havishiki kitu.

Polisi walichukua darubini mchana ule, wakazitazama, vioo vinang'aa. Basi wote wakakubaliana kwamba ni macho ya mzee, na yeye mwenyewe aliwaambia hivyo. Daktari wa macho alimpima, akasema haoni kasoro. Omara hakumwamini. Tangu siku ile akawa anatembea akigusa ukuta, havuki barabara mpaka ashikwe mkono. Siku moja nilimkuta ameketi uani, anainua vidole mbele ya uso wake na kuvihesabu. Nikarudi bila kubisha hodi.

Papa, macho ya Omara hayana kosa. Siku ile ya mvua nilichoka, nikaziweka darubini juu ya jiwe kando ya moto ili zikauke haraka. Ulinikataza jambo hilo mara ngapi? Asubuhi nilipotazama niliona ukungu mweupe, kama pumzi. Nikafuta kwa pindo la kitenge, haukutoka, kwa sababu ulikuwa ndani. Niliogopa kurudishwa nyumbani. Niliona aibu pia, baada ya kujigamba kwa jina lako. Nikasema iko safi. Jua lilipopanda ukungu ulikauka wenyewe, na hakuna aliyeujua ila mimi. Wiki tatu nilibeba siri hii peke yangu. Pikipiki ikisimama nje, nadhani ni watu wamekuja kunichukua.

Ijumaa nilikwenda Kasese nikamwambia yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Uliona ukungu mbele ya kusema iko safi?"

"Ndiyo, afande."

Akatazama milima, kisha kiganja chake, kisha milima tena. Nilidhani atanipiga.

"Mimi niliona nyeusi," akasema. "Pembe sikuona. Nilipiga bila kuona pembe. Hiyo iko yangu. Uongo iko yako. Simama, tunaenda kwa Swalik."

Akavuka barabara peke yake, mbio mbio, mimi nyuma nikishindwa kumfikia.

Hospitalini Swalik alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani. Aliyesema ni mkewe, Jamidah.

"Kumbe ni wewe," akaniambia. "Na kila asubuhi ulikuwa unatuletea uji hapa."

Akainuka, akachukua chupa yangu ya uji iliyokuwa chini ya kitanda, akaisuuza vizuri, akanikabidhi.

Kesho mimi na Omara tunakwenda polisi kuandika maelezo mapya. Sijui watanifanya nini. Nimeona afadhali uisikie habari hii kwangu, kabla wachuuzi wanaovuka mpaka hawajakufikishia kwa namna yao. Mweleze Mama polepole, asije akafunga safari, njia si salama. Muombee Swalik vidole vyake, umtaje kwa jina. Kama utanikasirikia, unikasirikie, lakini unijibu.

Mpe Hardy salamu zangu, na majirani wote tunaosali nao. Mungu awaweke mpaka siku tutakapotazamana tena.

Ni mimi binti yako,
Rachelle